Ororo ni wa kabila gani?

Haya ni maandishi ya mazungumzo kutoka London, yanayojibu barua za wasikilizaji kuhusu mashujaa wa vitabu vya katuni.



Katika mazungumzo yangu yaliyopita niligusia, kwa kupita tu, vitabu vya katuni vya Marekani vinavyosimulia habari za kikosi cha mashujaa kiitwacho X-Men. Nilisema kwamba kwa miaka mingi kikosi hicho kimeongozwa na mwanamke ambaye mama yake ni Mkenya. Sikutarajia kwamba maneno yale machache yangeleta barua, lakini barua zimekuja, na baadhi yake zina hoja nzito kuliko zile nilizozitoa mimi. Leo nitazijibu tatu.

Barua ya kwanza imetoka Minneapolis, Marekani. Mwandishi wake ni Mkenya aliyeondoka kwao Bonde la Ufa mwaka 2008. Anasema binti yake mwenye umri wa miaka 11, mpenzi mkubwa wa vitabu hivyo, alimwuliza jioni moja wakiwa mezani: "Baba, Ororo ni wa kabila gani?" Baba huyo anaeleza kwamba alinyamaza kwa muda, kisha akabadilisha mazungumzo. Mara ya mwisho kuulizwa swali la kabila kwa sauti ya kutaka jibu, alikuwa barabarani usiku, mbele ya kizuizi cha mawe na magogo, na jibu lisilotakiwa lingeweza kumgharimu maisha.

Barua ya pili ni ya mwalimu mstaafu wa Mombasa, ambaye ananilaumu kwa kupoteza wakati wa hewani kwa mambo aliyoyaita ya kitoto na ya kigeni. Ya tatu ni ya kijana mchoraji wa Bukavu, anayetaka kujua iwapo anaruhusiwa kuchora hadithi yake mwenyewe akimtumia shujaa huyo.

Kwa kuwa wengi wenu hamkupata kuvisoma vitabu hivi, nianze na maelezo.

Mwanamke wa Kenya, mwandishi wa London

X-Men ni hadithi iliyobuniwa mwaka 1963 na Stan Lee na Jack Kirby mjini New York. Inahusu watu waliozaliwa na vipawa vya ajabu, ambao jamii inawaogopa na kuwachukia kwa sababu ya maumbile yao. Hadithi hiyo haikupata soko zuri, na kuanzia mwaka 1970 kampuni ikawa inachapisha upya matoleo ya zamani. Mwaka 1975 mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakaifufua kwa kukusanya kikosi kipya kutoka pembe mbalimbali za dunia. Alikuwamo Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mjapani, raia wa Ireland, Mmarekani wa kabila la Apache, na mwanamke mwenye ngozi nyeusi na nywele nyeupe, aliyekutwa Kenya akiwaletea watu mvua, nao wakimwabudu kama mungu. Jina lake la kishujaa ni Storm, yaani tufani. Jina lake la kuzaliwa ni Ororo.

Mara tu baada ya toleo hilo, uandishi wa hadithi ulikabidhiwa kijana aitwaye Chris Claremont. Huyu alizaliwa hapa London mwaka 1950, akapelekwa Marekani angali mtoto mdogo, na akaiandika hadithi hiyo mfululizo kwa miaka 16, hadi mwaka 1991. Katika mwaka huo wa mwisho, toleo moja aliloliandika liliuza nakala zaidi ya milioni 8, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa na toleo jingine lolote la vitabu vya aina hiyo.

Claremont ndiye aliyempa Ororo nasaba. Katika toleo la mwaka 1976 tunaelezwa kwamba baba yake alikuwa Mmarekani mweusi, mpiga picha wa magazeti, na mama yake alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya. Familia ikahamia Cairo, na mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, ndege iliangukia nyumba yao. Wazazi wakafa, na mtoto akafunikwa na kifusi pamoja na maiti ya mama yake. Tangu siku hiyo Ororo hawezi kustahimili mahali palipobana. Alikulia katika mitaa ya Cairo akiishi kwa wizi, kisha akatembea kwa miguu kuelekea kusini, akalivuka jangwa hadi kufika katika nchi ya mama yake.

Nawaomba mzingatie jambo moja. Uingereza ilikuwa mojawapo ya nchi zilizoishambulia Misri mwaka 1956, na uamuzi wake ulipitishwa katika jiji hili ninalozungumza nikiwa humo. Kwa hiyo mwandishi aliyezaliwa London alimfanya shujaa wake kuwa yatima wa vita ambavyo London ilishiriki kuvianzisha. Huyo si mwandishi asiyejali historia.

Lakini alipofika Kenya, kalamu yake ilififia. Mama ana jina, N'Daré, ambalo sijui mtu yeyote wa kwetu angeliandika hivyo. Ana cheo cha kifalme. Kabila hana, kijiji hana, wala wimbo wa kumbembelezea mwanawe. Kenya inayoonyeshwa katika toleo la mwaka 1975 ni mbuga tupu na wanakijiji waliopiga magoti. Ilhali wakati huo Nairobi ilikuwa na chuo kikuu chake, na jumba la mikutano la Kenyatta lilikuwa limekwisha kusimama, likiwa na ghorofa 28.

Hata jina Ororo lina kisa. Hadithi inaeleza kwamba maana yake ni uzuri. Sisi tunaosema Kiswahili tunalo neno hilo hilo, na kwetu maana yake ni laini: ngozi nyororo, sauti nyororo, mkono mwororo. Maana hizo mbili ni jirani, na huenda zimekutana kwa bahati tu. Ila ni bahati ambayo msomaji wa Lamu angeiona mara moja, na mhariri wa New York hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Haki ya kulalamika

Je, msomaji ana haki ya kumlalamikia mwandishi kwa mambo kama hayo? Wako wanaosema kwamba hadithi ni mali ya aliyeibuni, na asiyeipenda aache kuisoma. Mimi naona vingine, na ushahidi wangu unatoka katika vitabu vyenyewe.

Kwa miongo mingi, vitabu vya katuni vya Marekani vilikuwa na ukurasa wa barua mwishoni mwa kila toleo. Wasomaji walisifu, walikosoa, walihesabu makosa, na wahariri au waandishi wakawajibu. Mmoja wa vijana walioandika barua ambazo zilichapishwa mwaka 1963 ni George R. R. Martin, ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa riwaya zake. Msomaji mwingine, Kurt Busiek, akiwa angali mwanafunzi, alibuni njia ambayo shujaa mmoja wa X-Men aliyeuawa mwaka 1980 angeweza kurudishwa. Wazo lake likapita kwa marafiki hadi kufika kwenye kampuni, na mwaka 1986 shujaa huyo akarudi kweli. Wote wawili walianza wakiwa wasomaji wenye maneno ya kusema.

Jambo hili si geni kwetu. Msimulizi wa Kiswahili husema "Paukwa!" na haendelei mpaka aitikiwe "Pakawa!" Mwitikio huo ni sehemu ya hadithi, na asipoupata hujua kwamba wasikilizaji wamelala au wamechukia. Hadithi ya mfululizo inayotoka kila mwezi iko hivyo hivyo. Na jibu halisi la mwandishi haliandikwi katika ukurasa wa barua. Huandikwa katika toleo linalofuata.

Tukimpima Claremont kwa kipimo hicho, lazima tumtendee haki. Baada ya mwaka 1980 alimfanya Ororo kuwa kiongozi wa kikosi, katika zama ambazo mwanamke mweusi katika vitabu hivyo kwa kawaida alikuwa mtu wa pembeni. Mwaka 1984 akamnyang'anya uwezo wake wote wa kuamrisha upepo na mvua, kisha akamwacha ajitafute bila nguvu hizo. Mwaka 1985, wakati njaa ya Ethiopia ilipokuwa katika kila taarifa ya habari na tamasha la kuchangisha fedha likafanyika hapa London katika uwanja wa Wembley, alimrudisha Ororo Kenya. Hadithi hiyo ilichorwa na Barry Windsor-Smith, naye mzaliwa wa London. Ndani yake, mwanamke asiye na nguvu zozote za ajabu anamsaidia mama kijana aitwaye Shani kujifungua.

Shani ni jina tunalolijua. Ni hatua moja mbele. Lakini katika hadithi hiyo hiyo kuna mzee anayekwenda nyikani kufa kwa kuwa mila ya watu wake inadai kwamba mtoto akizaliwa, mzee mmoja aondoke. Mila hiyo ni ya nani katika Kenya? Nimewauliza wazee wa sehemu mbalimbali, wote wametikisa kichwa. Kwetu, mtoto anapozaliwa mzee huitwa ili atoe jina.

Toleo la mwanzo wa mwaka 1986 ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ororo, bado akiwa hana kipawa chochote, anashindana na kiongozi wa zamani wa kikosi kwa ajili ya uongozi, na anashinda kwa akili na ujasiri peke yake. Nililisoma nikiwa kijana, nakala kuukuu isiyo na jalada, iliyonunuliwa sokoni juu ya gunia pamoja na vitabu vya shule. Tulikuwa wavulana watano tukigombania kitabu kimoja, na tuligombania jambo jingine pia: kila mmoja alidai kwamba Ororo ni wa kabila lake.

Kwa mwalimu wa Mombasa

Mwalimu wangu, shikamoo. Unasema mambo haya ni ya kitoto na ya kigeni. La utoto nakubali kwa nusu, maana hadithi nyingi nzuri ziliwahi kuwa za watoto. La ugeni silikubali.

Wiki iliyopita niliingia katika duka la vitabu vya katuni lililoko Shaftesbury Avenue, katikati ya jiji. Duka hilo, Forbidden Planet, lilifunguliwa mwaka 1978 katika mtaa wa jirani. Nilikuta rafu kwa rafu za watu wanaoruka angani. Kutoka hapo nilitembea kwa miguu hadi Russell Square, kilipo chuo cha SOAS, ambacho maktaba yake inahifadhi miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ikiwemo ya mkono wa Muhammad Kijumwa wa Lamu. Kijumwa ndiye aliyeandika utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913.

Mwalimu, wewe unamjua Liyongo kuliko mimi. Alikuwa jitu la vita, mshairi, mpiga upinde, mtu ambaye silaha haikumdhuru. Alipofungwa gerezani alituma ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo, akaletewa mkate wenye tupa ndani yake, akakata minyororo. Siri ya kifo chake ilikuwa moja: sindano ya shaba kitovuni. Aliyeichoma sindano hiyo alikuwa mwanawe mwenyewe, aliyehongwa na maadui. Hata baada ya kuchomwa, alipiga goti karibu na kisima akiwa ameshika upinde, na watu walikaa siku nyingi wakiogopa kuteka maji, wasijue kwamba amekwisha kufa.

Nguvu zisizo za kawaida, udhaifu mmoja wa siri, na usaliti wa mtu wa karibu: hayo yote yalikuwa yakiimbwa katika pwani yetu kabla ya Superman kuchapishwa mwaka 1938. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa anayesoma habari za mashujaa hajaenda ugenini. Amepotea njia tu katika mtaa wa kwao, na mwalimu ndiye wa kumwonyesha mlango wa nyumba.

Tena, tumekuwa na katuni zetu kwa muda mrefu. Wasomaji wa Taifa Leo walicheka na Juha Kalulu wa Gitau kwa miongo kadhaa. Tanzania ilikuwa na jarida la Sani, na wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa, ambao nguvu yao pekee ilikuwa maneno na ujanja wa mjini. Marekani ilichora watu wanaoinua magari. Sisi tulichora mtu anayekwepa kulipa nauli. Sioni kwamba tulishindwa.

Kwa kijana wa Bukavu

Ndugu yangu mchoraji, jibu la swali lako ni fupi na halitakufurahisha. Ororo ana mwenyewe. Ni mali ya kampuni ya Marvel, ambayo tangu mwaka 2009 imo mikononi mwa Disney. Kumchora ili ujifunze, ukamtundika ukutani kwako, hakuna atakayekusumbua. Kumchapisha na kumwuza ni jambo jingine.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko ruhusa. Dave Cockrum, aliyempa Ororo sura yake, alifanya kazi kwa mkataba ulioiachia kampuni kila kitu. Filamu ya kwanza ya X-Men ilitoka mwaka 2000 na kuingiza mamilioni ya dola. Mwaka 2004 Cockrum alikuwa mgonjwa hospitalini, na wachoraji wenzake pamoja na mashabiki ndio waliochanga na kumpigania mpaka kampuni ikafikia makubaliano naye. Alifariki mwaka 2006. Msomaji mwenye shukrani aliweza kufanya jambo ambalo karatasi ya mkataba haikulifanya. Hata hivyo, wewe usisubiri shukrani. Soma mkataba kabla ya kutia saini, na usiposhika vizuri lugha ulioandikwa nayo, mtafute anayeielewa.

Kisha tazama waliokutangulia. Hapa London vijana watatu, Wanigeria wawili na mmoja mwenye asili ya Uganda, Hamid Ibrahim, walianzisha kampuni ya Kugali ili kuchapisha hadithi za Kiafrika zinazosimuliwa na Waafrika. Mwaka 2019 walijigamba katika mahojiano kwamba watawashinda Disney. Disney wenyewe wakasikia, wakawatafuta, na mwaka 2024 wakatoa pamoja filamu ya mfululizo, Iwájú, inayouonyesha mji wa Lagos wa siku zijazo. Nairobi nako, jarida la Shujaaz lilianza mwaka 2010, likigawiwa bure kwa lugha ya Sheng, na mashujaa wake ni vijana wa kawaida wanaohangaika na kazi, mbegu na uchaguzi. Mwaka 2012 likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Bukavu ina ziwa, ina milima, na ina Kiswahili chake. Anzia hapo.

Kwa baba wa Minneapolis

Sasa narudi kwako, ndugu yangu, nawe ndiwe uliyenifanya niandike mazungumzo haya mara tatu.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba umwambie binti yako kuwa Ororo hana kabila, na ni vizuri hana, maana hivyo anakuwa wa Wakenya wote. Nililipenda jibu hilo. Sisi wavulana watano tuliweza kumgawana Ororo bila ya mmoja wetu kukosa. Tena nilikumbuka miezi ile, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Nikaona heri shujaa asiyeulizwa atokako.

Kisha nikatambua kwamba jibu hilo ni zuri lakini si la kweli. Waliomwandika hawakulificha kabila la mama yake kwa busara. Hawakulijua, wala hawakuona haja ya kuuliza. Kutolitaja jina la mtu kwa kumhifadhi ni heshima. Kutolitaja kwa kutomjali ni jambo jingine kabisa, hata kama kwa macho vyote viwili ni ukurasa mtupu ule ule.

Na swali la binti yako si lile uliloulizwa kizuizini, ingawa maneno yanafanana. Yule wa kizuizini aliuliza ili apate sababu ya kukutoa katika idadi ya watu. Mtoto anauliza ili amwongeze Ororo katika idadi ya jamaa zake. Ukimnyamazia, atadhani kwamba kuna aibu katika jibu, na aibu hiyo haikuwa yako hata siku moja.

Kwa hiyo mwambie ukweli wote. Mwambie kwamba mtu aliyezaliwa mbali alimpenda Ororo kwa moyo, akampa ujasiri na uongozi, lakini hakujua kwao. Mwambie kwamba mambo yanabadilika: tangu Oktoba 2024, hadithi za Ororo katika kitabu chenye jina lake zimeandikwa na Mnigeria, Murewa Ayodele, Mwafrika aliyetoka upande wa wasomaji na kuishika kalamu. Halafu mtajie kabila lako wewe, jina la mto uliokuwa ukioga, na jina la bibi yake. Mtajie pia jirani wa kabila jingine aliyekufungulia mlango usiku ule, kama alikuwapo. Akimaliza kusikiliza, mpe karatasi, amwandikie mwandishi huyo barua. Huenda akajibiwa, huenda asijibiwe. Lakini ukurasa uliokuwa mtupu utakuwa na maandishi, tena ya mkono wake.

Wapenzi wasikilizaji, barua zenu nitaendelea kuzisoma. Kutoka hapa London, nawatakia kila la heri. Kwaherini.